Kwa nini ukuta wa misheni ya San José unalala kwenye picha zako

*“Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita San Antonio, Texas. Karibu na ninapoishi kuna misheni ya kale ya Wahispania, San José. Nimeipenda kwa sababu kuta zake zinanikumbusha magofu ya Tongoni. Nimekwenda kupiga picha mara nne, kila mara jioni jua linapokaribia kuzama, maana mafunzo yote ya mtandaoni yanasema huo ndio mwanga wa dhahabu. Nikiwa pale naona jiwe lililoliwa na mvua, lenye mashimo na makovu. Nikifika nyumbani nikifungua picha, naona ukuta bapa wa njano, kama umepigwa plasta juzi. Mnara wa kengele unaonekana kuangukia nyuma. Ndani ya kanisa madirisha yanatoka meupe pe na kuta nyeusi tii. Kamera yangu ni ya kawaida, lenzi yake milimita 18 hadi 55. Rafiki yangu anasema ninunue lenzi pana, na niwe naunganisha picha kadhaa kwa programu ili kila kitu kionekane. Ningependa hatimaye kutengeneza kalenda niiuze kwa wenzangu wa kanisani. Je, ninunue lenzi hiyo? Na hapo pana ruhusa ya kuomba?”*

Marahaba, dada yangu. Pesa zako zibaki mkobani kwanza. Kamera hiyo inatosha, na lenzi hiyo inatosha kwa kazi tisa kati ya kumi utakazozifanya pale. Umeniletea malalamiko matatu ukiyafunga kwenye kanga moja: ukuta kulala, mnara kuanguka, na dirisha kuungua. Kila moja lina sababu yake, na lenzi pana haitibu hata moja. La pili italizidisha.

Nianze na ukuta, kwa kuwa ndio unaokuuma zaidi. Macho yako mawili hupima kina kwa kutazama kitu kutoka sehemu mbili kwa pamoja, tena unatembea, unainamisha kichwa, na ubongo unajumlisha. Kamera ina jicho moja na imesimama. Haijui kabisa kwamba shimo ni shimo. Kitu pekee kinachoiambia hivyo ni kivuli: upande mmoja wa shimo ung’ae, upande wa pili uwe giza. Jua likiupiga ukuta usoni moja kwa moja, kila kivuli kinajificha nyuma ya kitu chake, na wewe uliyesimama mbele hukioni. Shimo lote limejaa mwanga, kinundu chote kimejaa mwanga, na picha inakuonyesha karatasi ya njano.

Sasa angalia kanisa la San José limesimamaje. Uso wake, ule wenye mlango mkubwa na sanamu za watakatifu, unatazama magharibi. Wewe unakwenda jua linapozama. Maana yake umelipa jua mgongo, na jua limeupa ukuta uso. Mwezi Machi na Septemba linazama magharibi kamili, hivyo linaupiga ukuta kama taa ya gari. Mwanga wa dhahabu ni mzuri kweli kwa uso wa mtu, kwa shamba, kwa bahari. Kwa ukuta uliochakaa unaotazama magharibi, unatoa rangi nzuri na unaua kila kovu. Waliokufundisha hawakudanganya, ila hawakujua ukuta wako unatazama wapi.

Unachohitaji ni mwanga wa ubavuni, ule unaopita ukitelezea juu ya jiwe kama kiganja kinachopapasa kitambaa kujua uzi wake. Ili kuupata, inabidi usahau jua la Tanga.

Kwetu jua la adhuhuri huwa karibu na utosi mwaka mzima. Mwezi Juni linainamia kaskazini, Desemba linainamia kusini, na watu hawajali. San Antonio iko nyuzi 29 na ushei kaskazini ya ikweta, nje ya ukanda ambamo jua huweza kufika utosini. Hapo adhuhuri jua huwa kusini siku zote. Tofauti ni kimo tu: mwishoni mwa Juni linapanda hadi nyuzi 84 hivi, karibu linyooke juu ya kichwa, mwishoni mwa Desemba linaishia nyuzi 37, chini ya nusu ya njia. Tena adhuhuri yenyewe haiji saa sita. Kwa sababu ya mahali mji ulipo katika ukanda wake wa saa, jua linavuka kusini kama saa sita na nusu mchana wakati wa baridi, na baada ya saa kusogezwa mbele majira ya joto, linavuka saa saba na nusu. Andika saa hizo mbili kwenye karatasi, ndizo ufunguo.

Ukuta wa magharibi hauoni jua kabla ya dakika hiyo. Jua linapovuka tu, linaanza kuugusa kwa ukingo. Nenda San José siku ya jua mwezi Desemba au Januari, ufike saa saba mchana. Simama mbele ya mlango ukitazama mashariki. Jua litakuwa kuliani kwako, chini kiasi, na mwanga utakuwa ukipita ukutani kutoka kulia kwenda kushoto. Kila jani lililochongwa litakuwa na kivuli chake, kila jiwe lililomung’unywa litaonyesha lilipomung’unywa. Una muda hadi saa tisa hivi, kisha mwanga unaanza kuugeukia ukuta na kulala tena. Mimi mara ya kwanza nilifika pale saa kumi na moja jioni kama wewe, nikaondoka na picha ishirini za biskuti. Siku ya pili nilirudi mchana kwa sababu tu ndege yangu ilikuwa jioni, na nikaona nilichokosa.

Mwezi Juni na Julai mambo ni mengine. Saa nane na nusu mchana mwanga nao unapapasa ukuta, lakini unashuka kutoka juu. Nakshi zinatoka vizuri, ila watakatifu wanapata vivuli virefu vya paji la uso, macho yao yanakuwa mapango. Kama unataka sanamu zenyewe, subiri majira ya baridi. Kama unataka kuta tupu na mawe, mwanga huo wa juu unakubalika.

Halafu kuna lile dirisha maarufu, Dirisha la Rosa, lililochongwa yapata mwaka 1775. Mapokeo yanamtaja fundi Pedro Huizar, na kuna hadithi kwamba alilichonga kwa ajili ya mchumba wake Rosa aliyezama baharini. Ni hadithi tamu, ibebe kama hadithi. Dirisha hilo liko ukuta wa kusini wa sakristia, chumba cha kanisa cha kuhifadhia mavazi na vyombo vya misa, kwa hiyo ratiba yake haifanani na ya mlango mkuu. Mwezi Juni ukuta huo hauguswi na jua hadi karibu saa tano asubuhi, na kwenye saa kumi jioni limeshauacha. Lakini saa saba na nusu, saa ambayo kila mwalimu wa picha atakukataza kutoka nje, jua la utosi linateremka sambamba na ukuta kwa nyuzi sita tu, na nakshi zile zinasimama kana kwamba zimechongwa upya. Vivuli ni vikali, sikatai. Ukivitaka laini, nenda mwezi Machi au Septemba kwenye saa nne asubuhi, mwanga ukitoka kuliani kwako. Mchana wa Desemba usiende huko: jua la chini la kusini linaligonga dirisha karibu usoni, na utarudi kwenye karatasi yako ya njano.

Siku za mawingu usikae nyumbani. Mwanga wa mawingu hautakupa makovu, lakini utakupa rangi. Na baada ya mvua ni bora zaidi: jiwe la chokaa likilowa linakolea, mabaka ya kijivu, kahawia na waridi yaliyokuwa yamefifia yanajitokeza, na kuvu kwenye mawe wanapata uhai. Ngoja mvua ya Mungu lakini. Ujanani niliwahi kumwagia chupa ya maji ukuta wa gofu moja la pwani ili picha ikolee. Mlinzi mzee alinitazama hadi nikamaliza, kisha akaniuliza kama nyumbani kwetu pia huwa namwagia maji kaburi la babu ili lipendeze. Sikurudia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami naona ndilo litakalobadilisha kalenda yako kuliko saa zote hizi. Unasema unapenda jiwe tupu lililochakaa. Jiwe hilo halikukusudiwa kuonekana.

Misheni ya San José ilianzishwa mwaka 1720 na mapadri Wafransisko, na kanisa hili la mawe likaanza kujengwa 1768, likakamilika 1782. Waliolijenga na kuishi ndani ya kuta zake ni wenyeji, watu wa jamii nyingi ndogondogo ambazo wanahistoria huziita kwa jumla Coahuilteco. Ukuta ulipokamilika haukuachwa uchi. Ulipigwa lipu ya chokaa, na juu ya lipu ukachorwa kwa rangi: vimiraba na maua yaliyopangwa kama vigae, nje ya jengo, vikionekana kutoka mbali. Miaka ya 1930 mtu mmoja wa San Antonio, Ernst Schuchard, alizinakili alama za rangi zilizokuwa zimebaki kabla hazijapotea. Ukienda chini ya mnara wa kengele, upande wa kusini, utakuta kipande cha ukuta kilichochorwa upya kuonyesha jengo lote lilivyokuwa. Wageni wengi wanapita wakidhani ni tangazo.

Sasa linganisha na Tongoni. Mawe ya matumbawe unayoyakumbuka wewe, yenye vitundu kama sega la nyuki, nayo yalikuwa chini ya lipu ya chokaa nyeupe iliyosuguliwa hadi ikawa laini. Kilichoanguka kwanza ni ngozi. Tunachokipiga picha, kwetu na kwa Wahispania, ni nyama ya ukuta.

Ujue pia ngozi hiyo ilitokaje. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe, kisha kuyazima kwa maji. Ikishapakwa, inakauka na kuvuta hewa ya ukaa polepole hadi inarudi kuwa jiwe. Ni jiwe laini lenye kupumua: maji yanaingia na kutoka. Mvua ina asidi kidogo, na kila mwaka inalamba tabaka jembamba. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanabeba chumvi. Yanapokauka karibu na uso wa ukuta, chumvi inaganda kuwa fuwele ndani ya vitundu na kuusukuma uso hadi unabanduka kama magamba ya samaki. Ndiyo maana sehemu ya chini ya ukuta, hadi kimo cha kiuno au kifua, mara nyingi imeliwa kuliko ya juu. Na ndiyo maana chini ya vibao vya nakshi, mahali mvua haifiki kuosha, kunakuwa na weusi, huku pembeni yake, mvua inapopiga, pakiwa peupe. Weusi ule una mpangilio: unakuonyesha ramani ya maji.

Ukishajua hayo, hutapiga tena “ukuta uliochakaa”. Utapiga mstari ambapo unyevu uliishia. Utapiga kona iliyojificha chini ya nakshi, ambako labda bado kumebaki ukoko wa lipu ya asili. Utapiga kiungo ambacho fundi wa baadaye alijaza saruji ngumu: saruji haipumui, maji yanalazimika kutokea kwenye jiwe, basi jiwe linaliwa na kiungo kinabaki kimetokeza kama ufizi uliopoteza meno. Picha moja ya namna hiyo inazungumza kuliko mandhari kumi.

Na usidhani kila unachokiona kina umri mmoja. Ukuta wa kaskazini wa kanisa ulianguka 1868, kuba na paa vikafuata 1874, mnara wa kengele ukaporomoka 1928. Sanamu za mlangoni zilivunjwavunjwa na watu waliotaka kumbukumbu za kwenda nazo nyumbani. Ukarabati mkubwa ulifanyika miaka ya 1930, kanisa likawekwa wakfu tena 1937. Kwa hiyo kuba unalolipiga picha ni la juzi ukililinganisha na mlango. Nyuma ya kanisa, kwenye makazi ya mapadri, angalia matao: ya mviringo ni ya Wahispania, yale ya matofali yaliyochongoka juu yaliwekwa na watawa Wabenedikto katika karne ya 19. Yapige mawili hayo ndani ya fremu moja na kalenda yako itakuwa na ukurasa wa watu wenye macho.

Haya, mnara. Mnara hauanguki, ni wewe unayeinua kamera. Kamera ikitazamishwa juu, sehemu ya juu ya jengo inakuwa mbali zaidi na kioo kuliko ya chini, na kitu cha mbali huonekana kidogo, basi mistari ya wima inakaribiana kadiri inavyopanda. Macho yako hufanyiwa vivyo hivyo, ila ubongo unasahihisha bila kukuambia. Dawa ni kuiweka kamera wima kabisa, isitazame juu wala chini, na kurudi nyuma hadi mnara uingie. Uwanja wa San José ni mkubwa, umezungukwa na vyumba walimoishi wenyeji, kwa hiyo nafasi ya kurudi nyuma unayo. Hiyo ni bahati ambayo mpiga picha wa vichochoro vya Lamu hana. Utapata majani mengi sehemu ya chini ya picha. Yakate baadaye. Au weka kitu hapo, kivuli cha mti, mtu anayepita. Ikishindikana, inua kamera kidogo, uache nafasi ya kutosha pembeni, na unyooshe kwenye programu ya kuhariri. Usinyooshe hadi mwisho: mnara ulionyooshwa kamili wakati unajulikana umepigwa kutoka chini huonekana mpana juu kama uyoga.

Lenzi pana itakufanya usogee karibu, na ukisogea karibu utainua kamera zaidi, na mnara utaanguka zaidi. Ukiwa na pesa kweli na unawashwa kuzitumia, nunua tripodi imara kwanza. Cha pili, lenzi ndefu iliyotumika, kitu kama milimita 70 hadi 300, ile ya bei nafuu kabisa. Sanamu na nakshi ziko juu. Ukizipiga kwa mbali kwa lenzi ndefu, kamera haiinuki sana na nyuso zinatoka zilivyo. Kwa ukuta uliokaribu, tumia hiyohiyo ya sasa kwenye milimita 35 hadi 55, tundu la lenzi f/8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwe 100. Weka rangi ya mwanga (white balance) kwenye alama ya jua, usiiachie kamera ichague, kwa sababu ikiona ukuta wa rangi ya joto inadhani ni kosa na kuupooza.

Dirisha jeupe na ukuta mweusi ndani ya kanisa ni suala la uwezo wa kamera. Tofauti ya mwanga kati ya dirisha la Texas mchana na kona ya kanisa ni kubwa kuliko kamera yako inavyoweza kubeba kwa picha moja. Rafiki yako hapa ana haki nusu. Kuunganisha picha tatu, moja ya dirisha, moja ya katikati, moja ya giza, kunafanya kazi ukiwa na tripodi. Tatizo ni mkono wa mpishi. Programu zile zikiachiwa, zinainua kila kivuli hadi kanisa linakuwa kama duka la simu: kila kitu kinang’aa, pembeni ya dirisha kuna ukungu wa ajabu, na jiwe linageuka plastiki. Umetoka kutafuta vivuli mlango wa nje, usije ukavifukuza ndani. Acha kona ziwe na giza lake. Mara nyingi mimi hupiga moja tu, kwa faili ghafi (RAW, ambalo kamera haijalihariri), nikipima mwanga wa dirisha hadi rangi yake isipotee, kisha nainua kuta kidogo nikiwa nyumbani. Ama nangoja wingu lipite juu ya jua. Tofauti inapungua yenyewe, bure.

Flashi izime. Sitakutisha kwamba mwako mmoja utaichoma michoro, maana hoja hiyo hukuzwa kuliko ushahidi wake. Sababu yangu ni kwamba flashi iliyo juu ya kamera ni jua la jioni lako tena: inapiga usoni na kulaza kila kitu. Na inaudhi wanaosali.

Kwa sababu wanasali. Makanisa manne ya misheni zilizo ndani ya hifadhi ya taifa ya San Antonio, yaani San José, Concepción, San Juan na Espada, ni parokia zilizo hai chini ya jimbo kuu la San Antonio. Viwanja vinaangaliwa na idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, makanisa ni ya Kanisa. Tangu 2015 misheni hizo nne pamoja na Alamo, misheni ya tano iliyo katikati ya mji, ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hapo ndipo jibu la ruhusa lilipo, na lina vichwa viwili. Kwa viwanja, sheria iliyosainiwa Januari 2025 inawaruhusu watu wasiozidi watano, wenye vifaa vya kubeba mkononi na wasiomzuia mwingine kupita, kupiga picha bila kibali hata kama watauza, alimradi hawavunji kanuni nyingine za hifadhi. Kalenda yako imo humo. Droni ni marufuku, usijaribu. Lakini kwa ndani ya kanisa, na kwa arusi yoyote utakayoombwa kuipiga, kazungumze na ofisi ya parokia kabla, ueleze wazi kwamba picha zitauzwa. Jumapili kuna misa ya mariachi, yaani yenye muziki wa Kimeksiko, pale San José. Nenda ukaisikilize, kamera ibaki begani.

Ukiwa pale usipande kuta, usibandue kuvu, usisogeze jiwe ili fremu ipendeze. Watu walizikwa ndani ya maeneo ya misheni hizi, na wazao wao bado wanaishi San Antonio. Maisha ya wenyeji humo hayakuwa ya postikadi: magonjwa mageni yaliwafyeka, na kengele ya mnara huo unaoupenda ndiyo iliyopanga saa zao za kazi na sala. Sisemi usiupige picha mnara. Ila ukiandika maelezo chini ya picha kwenye kalenda, usiwaandike Wahispania peke yao kama wajenzi.

Usiishie San José. Concepción, kanisa lililowekwa wakfu 1755, halikuanguka kama lenzake, na ndani, kwenye dari ya chumba kimoja, kuna jua lililochorwa na uso wa mtu mwenye masharubu. Rangi zake zimefifia, lala chali sakafuni ikibidi, watu wamezoea. Uso wa kanisa hilo nao unatazama magharibi, na karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, jua la jioni linaingia kupitia madirisha na kuangukia altare. Siku hiyo kunajaa, wahi. Espada ina mlango wenye tao lililovunjika umbo kwa namna ambayo watu wanabishana hadi leo kama fundi alikosea au alikusudia. Mbele kidogo kuna mfereji wa juu wa mawe uliojengwa miaka ya 1740, na maji bado yanapita.

Kuna mambo mawili ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. La kwanza ni kusoma ukuta wenyewe. Wafanyakazi wa hifadhi huwatembeza wageni San José. Jiunge nao siku moja bila kamera, muulize anayewaongoza kipande kipi ni cha karne ya 18 na kipi ni cha 1930. Kidole chake kikielekeza mahali, utajua zaidi ya ninavyoweza kueleza kwa kurasa tatu. Ukiona jiwe linalocheza au lipu inayoning’inia, mwambie yeye, usiliguse kulihakikisha.

La pili ni lenzi yako. Piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama sambamba nao, kamera juu ya tripodi, tundu f/8, kisha kuza picha uangalie kona zote nne. Kona zikififia kidogo kwa usawa, ni tabia ya lenzi za aina hiyo. Upande mmoja ukiwa na ukungu na wa pili uko safi, hata baada ya kurudia mara tatu, basi kioo cha ndani kimehama, pengine iliwahi kuanguka. Hilo halitibiwi na jua la Desemba. Ipeleke kwa fundi wa kamera, na muulize bei ya matengenezo kabla hajaifungua, kwa sababu lenzi ya namna hiyo ikiwa imetumika huenda ikauzwa kwa bei ndogo kuliko mkono wake.